Bahasha ya Novemba

Katika ofisi yetu ya mawakili mkataba mpya wa ajira ulikuja ndani ya bahasha ya kaki, wiki ya pili ya Novemba, na aliyeileta alikuwa mhasibu. Hukuitwa chumbani kwa mtu. Mhasibu alipita meza kwa meza na rundo lake kwapani, akakuwekea ya kwako juu ya kibodi na kusema, kwa jina tunaloitwa mawakili, "Msomi, saini nakala zote mbili, moja nirudishie kabla ya saa kumi." Unafungua, unaangalia tarehe ya kuanza, 1 Januari, na ya mwisho, 31 Desemba, unaangalia kama mshahara umesogea, unasaini. Umepata mwaka mwingine.

Mimi niliipata mara tatu: 2016, 2017 na 2018. Mwaka 2019 mhasibu alimwekea jirani yangu wa kushoto, akamwekea wa kulia, akaenda zake. Hakuniangalia. Nilidhani yangu imebaki kwenye mashine ya kuchapia. Nilingoja mpaka saa kumi, nikangoja wiki, nikangoja hadi tarehe 6 Desemba ndipo nikaenda kumuuliza afisa utumishi. Alinijibu kwa upole sana: "Wakili, mkataba wako si unaonyesha mwisho wake?"

Ulikuwa unaonyesha.

Nimekaa na jambo hili miaka kadhaa bila kuliandika, kwa sababu ileile inayowanyamazisha wenzangu wengi. Mji wa mawakili ni mdogo, na anayesema hakuongezewa mkataba anachukuliwa kama amekiri kwamba ana kasoro. Naandika sasa kwa kuwa kila ikifika Desemba napokea simu za aina moja, kutoka kwa vijana waliopo kwenye ofisi kubwa za Dar es Salaam, na wote wanaanza kwa sauti ya chini kama watu walioiba kitu.

Nieleze kwanza tulifikaje pale, maana asiyejua njia hawezi kuelewa kwa nini mtu anaogopa kurudi alikotoka. Unasoma shahada ya sheria miaka minne. Kisha unakwenda Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo sote tunaiita Law School, pale Barabara ya Sam Nujoma. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka matokeo yake yalipotoka: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia mitihani na 265 wakaondolewa. Waziri aliunda kamati, magazeti yakaandika, redio zikajadili. Sisi tuliopita kabla yao hatukushangaa. Ukivuka hapo unasubiri kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Mama yangu alipanda basi la usiku kutoka Tanga kuja kuniona nikiapishwa mwisho wa 2015, akavaa kitenge alichokinunua kwa ajili ya siku hiyo tu, na alipiga vigelegele mpaka askari wa mahakama akamsogelea kumwomba apunguze.

Wiki tatu baadaye nilianza kazi kwenye ofisi kubwa. Kwa Dar es Salaam, ofisi yenye mawakili 30 ni kubwa. Ina ghorofa yake, ina mapokezi yenye maua mabichi, wateja wake wanatoka London na Johannesburg, na jina lake linatajwa katika vitabu vinavyopanga ofisi za mawakili kwa madaraja. Siku ya kwanza tulikusanywa vijana sita chumba cha mikutano, tukapewa chai na sambusa, na mmoja wa wabia, yaani wenye ofisi, akatuambia, "Hapa ni nyumbani. Sisi ni familia." Nililiamini neno lile. Hadi leo sidhani kama alilisema kwa nia mbaya. Nadhani naye alilikuta, akalirudia.

Sasa, kazi yenyewe. Saa moja imekatwa vipande 10 vya dakika 6. Kila ulichokifanya unakiandika kwa vipande hivyo: kusoma barua pepe ya mteja, kipande kimoja, kupekua jalada la kampuni BRELA, kwa wasajili wa kampuni, pale jengo la Ushirika, Lumumba, vipande 15, kurekebisha rasimu ya mkataba wa pango, vipande 8. Mwisho wa siku fomu yako ya saa inatakiwa isomeke angalau saa 6 anazoweza kutozwa mteja. Asiyewahi kufanya kazi hii atasema saa 6 ni kidogo. Ajaribu. Kula hakutozwi, foleni ya magari pale Morocco haitozwi, kumfundisha mwanafunzi wa mafunzo hakutozwi, kungoja mbele ya ukumbi wa mahakama wakati mwingine kunatozwa na wakati mwingine mbia anakufuta kwa kalamu nyekundu. Ili upate 6 unakaa ofisini 11. Nilizoea kiasi kwamba nikiwa nyumbani napika wali nilikuwa najihesabia: vipande viwili, vipande vitatu.

Ile fomu ndiyo iliyokuwa inaamua nani apate bahasha, ingawa hakuna aliyetuambia hivyo. Na saa zako hazitokani na bidii yako tu. Zinatoka kwa aliye juu yako, anayekugawia kazi. Zinatoka kwa wateja, na wateja wanatoka kwenye uchumi na siasa. Machi 2017 serikali ilizuia makinikia, ule mchanga wenye madini, kusafirishwa nje. Julai mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria mpya za maliasili, zilizoipa nchi nafasi ya kuipitia upya mikataba ya madini na gesi. Sina ugomvi na haki ya nchi kutazama mali yake, na mengi yaliyosemwa Bungeni wakati ule niliyaunga mkono moyoni. Nasema tu kilichotokea ghorofani kwetu: wawekezaji walikuwa wanataka kununua, wakasimama kuangalia. Kazi ya kuhakiki nyaraka za kampuni inayotaka kununuliwa, kazi inayoweza kuwalisha vijana sita miezi mitatu, ikapungua kabisa. Mimi niliyekuwa na saa 7 kwa siku nikawa na 4, kisha 3. Nilikwenda kwa mbia wangu kuomba kazi. Akasema, "Tulia, itarudi." Kwa wabia kweli ilirudi, kwa sababu wao walikuwepo bado iliporudi.

Umbo la ofisi kubwa liko hivyo. Juu watu watano sita wanaogawana faida. Katikati waandamizi wachache. Chini vijana, wengi, ambao saa zao zinauzwa kwa bei kubwa kuliko mshahara wanaolipwa, na tofauti ile ndiyo inayopanda juu. Vijana wote hawawezi kupanda, hesabu haikubali. Kwa hiyo lazima wengine waondoke kila mwaka ili wapya waingie kwa mshahara wa chini. Mpango huu una mwenyewe, na alikuwa New York: Paul Cravath, mwanzoni mwa karne ya 20, aliyewachukua vijana waliofanya vizuri zaidi vyuoni, akawafundisha kazi miaka kadhaa, na wasiochaguliwa kuwa wabia wakatafuta pengine. Panda au ondoka. Ofisi kubwa za Marekani na Uingereza zimejengwa juu ya kanuni hiyo, na zetu zinazoshirikiana nazo zimeirithi pamoja na muundo wa barua zao.

Ila kule angalau jambo linajulikana. Mwaka 2024 kijana aliyeanza New York kwenye ofisi kubwa alilipwa dola 225,000 kwa mwaka, na tangu chuoni alikuwa ameshaambiwa kwamba wengi wao hawatamaliza miaka sita. Wanapofukuzwa kwa wingi, magazeti yanahesabu. Tarehe 27 Februari 2009, Latham & Watkins iliwapunguza mawakili 190 na wafanyakazi wengine 250 kwa siku moja, na jina la ofisi ile likageuzwa kitenzi mitaani: fulani kafanywa vile. Sisemi kwamba kule kuna huruma. Ninachosema ni kwamba mtu anajua alichotendewa, na hata neno lake lipo. Sisi hatuna neno. Tunasema tu, "Msomi kaondoka." Ukiuliza kaenda wapi, mtu anatazama dirishani.

Na hapa ndipo sheria yetu inapoingia, nayo nataka niielezee taratibu, maana vijana wengi wanaonipigia hawajawahi kuisoma kwa macho ya mwajiriwa. Wameisoma kwa ajili ya mitihani na kwa ajili ya wateja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iliruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu na watu wa kada ya uongozi. Wakili ni mtaalamu. Kwa hiyo ofisi inaweza kukuajiri mwaka mmoja, ikakuongezea mwingine, na mwingine, na kila Desemba ajira yako inakufa yenyewe bila mtu kuiua. Hakuna kosa la kuthibitisha, hakuna kikao cha nidhamu. Mwajiri anayetaka kupunguza wafanyakazi kwa sababu za uendeshaji anabanwa na kifungu cha 38: atoe taarifa ya kusudio, aeleze sababu, ashauriane nao jinsi ya kuepuka au kupunguza makali, aseme atatumia vigezo gani kuchagua nani aondoke, waongee juu ya malipo. Mkataba unaoisha hauhitaji lolote kati ya hayo. Tena kuna kifungu cha 35, ambacho kinasema ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki haumgusi aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi 6. Kikumbuke kifungu hicho.

Mlango mmoja umeachwa wazi. Kifungu cha 36 kinahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mwajiri anaposhindwa kuongeza mkataba wa muda maalumu ikiwa mwajiriwa alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utaongezwa. Kanuni zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali namba 42 la 2007 zinaeleza matarajio hayo yanathibitishwaje: umewahi kuongezewa huko nyuma, au mwajiri alitoa ahadi. Mzigo wa kuthibitisha ni wako. Na una siku 30 kulipeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA.

Mimi nilikuwa nimeongezewa mara tatu. Nilikuwa na barua pepe ya Septemba 2019 ambamo mbia aliniandikia kwamba mwakani nitasaidia kuongoza kesi za kazi. Kama angekuwa mteja amekuja na karatasi zile, ningemwambia, mama, una hoja, twende. Wiki ileile bahasha iliponipita nilikuwa naandaa taarifa ya kusudio la kupunguza wafanyakazi kwa niaba ya kiwanda kimoja, na kwa mkono wangu mwenyewe niliandika sentensi kwamba mwajiri anatambua wajibu wake wa kushauriana na kila mfanyakazi atakayeguswa. Niliipigia mstari sentensi ile ili meneja wa kiwanda asiiruke.

Fomu ya CMA niliijaza. Niliijaza mezani kwa dada yangu Tabata, usiku wa tarehe 8 Januari 2020, jina la mlalamikaji, jina la mlalamikiwa, nafuu inayoombwa. Sikuipeleka. Siku 30 zikapita, na fomu ninayo hadi leo kwenye bahasha pamoja na vyeti vyangu.

Watu husema mganga hajigangi, na kwa mawakili nadhani sababu yake inaonekana wazi. Ukifungua shauri lazima umpelekee mwajiri nakala. Kesho yake asubuhi ofisi zote za mjini zinajua. Mwezi ujao utasimama mbele ya mwamuzi yuleyule ukiwa wakili wa mtu mwingine, na wiki ijayo utaomba kazi kwa mbia aliyesoma darasa moja na mbia wako. Ofisi unayoiomba itapiga simu kuuliza habari zako, na jibu likiwa "alitushtaki", basi. Nilipima miezi 12 ya mshahara dhidi ya miaka 30 ya kazi, nikaiweka fomu kwenye bahasha. Siwalaumu waliofanya hesabu hiyohiyo. Nimejilaumu mimi, miaka mingi, kisha nikaacha.

Mwenzangu mmoja aliumia zaidi. Yeye alishauriwa na ofisi aandike barua ya kujiuzulu, "kulinda jina". Aliandika. Alipokwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuulizia fao la upotevu wa ajira, lile la asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, akaambiwa aliyejiuzulu mwenyewe halimhusu. Barua iko, saini ni yake. Wakati huo bado alikuwa anadaiwa na Bodi ya Mikopo, ambayo mshahara ulipokuwepo ilikuwa inakata asilimia 15 kila mwezi. Kijana wa kidato cha sita anayetamani suti za mawakili hazijui hesabu hizi, na wazazi wake ndio kabisa.

Nilipompigia mama kumwambia, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Mwanangu, umekosa nini?" Nikamwambia sijakosa, mkataba umeisha. Akasema, "Haya. Lakini umekosa nini?" Mama amefanya kazi ya ualimu wa shule ya msingi miaka 34 kwa mwajiri mmoja. Kwake mtu haondolewi kazini bila kosa, na kama kosa halisemwi basi ni kubwa la aibu. Nilimweleza hadi salio likakata. Mpaka leo sijui kama aliamini.

Kila niliyezungumza naye anaeleza maumivu yake ya kukaa bila kazi, na nayajua. Lakini kuna watu wengine wanaolipia mzunguko huu na hawapati hata nafasi ya kulalamika, nao ndio walionifanya nisilale.

Kati ya majalada niliyokabidhiwa Agosti 2019 lilikuwamo moja la CMA. Wafanyakazi 11 waliopunguzwa kiwandani walikuwa wanadai kwamba mashauriano hayakufanyika. Sisi tulikuwa upande wa kiwanda. Jalada lile lilikuwa limeshikwa na mawakili wawili kabla yangu, wote wameondoka, na kila mmoja alipoondoka tarehe ya kusikilizwa iliahirishwa. Mimi nilipewa siku mbili kabla ya usikilizwaji. Kurasa zaidi ya 400. Hati ya makabidhiano ilikuwa na mistari mitano. Nilisimama mbele ya mwamuzi nikasema maneno ambayo wakili yeyote anayejiheshimu hapendi kuyasema: "Mheshimiwa, jalada limehamishiwa kwangu juzi, naomba ahirisho." Wale 11 hawakuwa na wakili. Walikuwa na mzee wao mmoja aliyekuwa mwendesha mtambo, ndiye aliyewasemea. Anakaa Chanika. Nyaraka zake alizibeba ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira wa kufungia pesa, na alizipanga kwa tarehe vizuri kuliko zilivyokuwa zimepangwa kwetu.

Mwamuzi alitupa tarehe ya Oktoba. Oktoba shahidi wetu akawa mgonjwa, tukapewa 21 Januari 2020. Tulipotoka nje yule mzee alinifuata kwenye ngazi. Nilimwamkia. Akaitikia, akanitazama, akauliza bila hasira yoyote: "Na wewe binti, tarehe hiyo utakuwepo?"

Nikasema, "Nitakuwepo, baba."

Sikumdanganya. Niliamini.

Kwa hiyo ninaposikia wabia wakisema kwenye mikutano kwamba kuondoka kwa vijana ni jambo la kawaida la soko, namkumbuka yule mzee kwenye ngazi. Wakili mpya anaanza jalada upya, na saa zake za kulisoma anatozwa mtu, ama mteja ama ofisi yenyewe. Kumbukumbu ya nani alisema nini kwenye kikao gani inaondoka na aliyekuwepo. Pande zote mbili za kesi zinangoja. Anayengoja akiwa na mshahara ni tofauti na anayengoja akiwa hana nauli ya kurudi Chanika.

Nilikuwa Arusha Machi 2017 Tundu Lissu alipochaguliwa rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS. Ukumbi ulilipuka. Tulipiga makofi kwa ajili ya uhuru wa wakili, uhuru wa kusimama mbele ya mwenye nguvu na kusema, na nilikuwa na machozi. Usiku ule, gesti, tulilala watatu chumba kimoja kugawana gharama, wote vijana wa ofisi kubwa tofauti. Taa ilipozimwa mmoja akauliza, "Wenu unaisha lini?" Tukatajiana tarehe gizani. Mmoja Juni. Wawili Desemba. Hakuna aliyefikiri kwamba jambo lile lilistahili kusemwa ukumbini, hata mimi. Sasa nafikiri lilistahili. Chama kimekuwepo kisheria tangu 1954, kinatupangia ada, kinatupangia masomo endelevu ya kila mwaka, na kinaweza pia kukubaliana na wanachama wake wenye ofisi juu ya namna ya kuwaajiri wanachama wake wasio na ofisi. Rafiki yangu wa Nairobi huniambia sisi tuna nafuu, kwani kwao sheria haimruhusu wakili kufungua ofisi yake kabla ya kufanya kazi miaka 2 mfululizo tangu cheti cha kwanza, hivyo kijana akiachwa mwezi wa nane hana hata pa kujishikiza. Ni kweli, mimi niliweza kukodi meza. Lakini kuwa na pa kukimbilia hakumpi mwajiri ruhusa ya kukaa kimya.

Sidai kila anayeingia abaki. Ofisi yenye vijana 20 haiwezi kuwa na wabia 20, na wengine hatukuumbwa kwa kazi ya kuhesabu dakika sita sita. Nadai jambo dogo sana: semeni. Kama kijana hataongezewa, aambiwe Septemba, ana kwa ana, na mtu aliyemfundisha kazi, siyo agundue kwa kuona bahasha ya jirani. Aambiwe sababu: saa zimepungua, au maandishi yako hayajafika tunapotaka, au tumepoteza mteja. Sababu ya kweli inauma wiki mbili, kisha mtu anaitumia. Isiyosemwa anakaa nayo miaka, anajitafuta kosa kila kona. Na kama mtu ameshafanya miaka minne mfululizo, mpeni mkataba usio na ukomo, mkitaka kumwondoa mpitie kifungu cha 38 kama mnavyowaelekeza wateja wenu wapitie.

Wanaonipigia simu Desemba nawaambia mambo ya mkononi. Tunza barua pepe zako zinazokuhusu wewe na ajira yako, siyo za wateja. Usiandike barua ya kujiuzulu kwa ushauri wa anayekuondoa. Mkataba ukipita tarehe yake na bado unapewa kazi, andika kuuliza hali yako, maana kanuni zinatambua kwamba mkataba unaweza kuendelea kwa vitendo. Dai cheti chako cha utumishi. Hesabu siku 30 kwa kalenda ya ukutani, na uamuzi wa kwenda au kutokwenda uwe wako, uufanye ukiwa umelala usingizi wa kutosha. Na andika hati ya makabidhiano kana kwamba atakayeipokea ni ndugu yako.

Ya kwangu ilikuwa kurasa 19. Niliiandika siku nne za mwisho za mwaka, ofisi ikiwa karibu tupu, wengi wamekwenda makwao kwa Krismasi. Jalada la wale 11 nililipa kurasa sita peke yake: nani alisema nini, nyaraka zipi ni halisi na zipi ni nakala, shahidi anapatikana siku zipi. Tarehe 31 nikamkabidhi dada wa mapokezi kompyuta mpakato, kadi ya mlango na funguo ya droo. Alinikumbatia. Yeye alikuwa na mkataba wa kudumu, na alikuwa ameona wengi.

Jioni ya tarehe 20 Januari simu yangu iliita, namba nisiyoijua.

"Shikamoo, dada wakili. Samahani kwa usumbufu. Mimi ndiye niliyepewa majalada yako."

"Marahaba. Umepewa lini?"

"Leo mchana." Nilisikia karatasi zikigeuzwa. "Natafuta muhtasari halisi wa kikao cha mashauriano. Kwenye jalada naona nakala tu."

Nikamwambia halisi iko kabati la chuma karibu na dirisha, droo ya tatu, bahasha nyeupe imeandikwa kwa wino wa kijani. Nikamuuliza kama aliiona hati ya makabidhiano. Hakuna aliyempa. Nikamwelekeza ilipo kwenye kompyuta ya ofisi, nikamwambia aanzie ukurasa wa saba, na kwamba kesho atamkuta mzee mmoja mwenye mfuko wa plastiki, amsalimie kabla ya kuingia ndani.

Akaandika. Alikuwa mwangalifu, alirudia kila nilichosema. Kisha akauliza, kwa ile sauti ya chini, mkataba wangu ulikuwa wa muda gani. Nikamwambia wa mwaka, mara nne. Nikamuuliza wake.

"Miezi sita, dada. Unaisha tarehe 30 Juni."